Chanjo ya mafua makali ianzie kliniki ya wajawazito

Mhariri,

Kila mafua makali yanapovuma, ushauri tunaousikia redioni na kuusoma magazetini ni ule ule: tangawizi, malimau, kujifukiza, maji mengi. Sina ugomvi nao. Mtu mzima mwenye afya njema akipumzika na kunywa vya moto hupona ndani ya wiki moja hivi. Naomba nafasi niwasemee wasiopona kirahisi namna hiyo, hasa mtoto aliyezaliwa mwezi huu.

Mimi ni mkunga, na kazi yangu iko kliniki ya mama na mtoto. Mama anakuja na kichanga wa wiki 5, anahema kwa taabu, mbavu zinabonyea, hataki ziwa. Kipimo cha malaria hakioneshi kitu. Tunaandika nimonia, tunaanza antibayotiki, tunampa rufaa. Ni sahihi kufanya hivyo, kichanga wa namna hiyo hasubiriwi. Lakini ukimuuliza mama vizuri, mara nyingi atakwambia kuwa siku chache nyuma kaka wa chekechea alikuwa na homa na kikohozi, kisha yeye mwenyewe akaumwa. Zahanati zetu hazina kipimo cha influenza, yaani hayo mafua makali. Basi haiingii kwenye rejesta, inapita kwa jina la nimonia, na mpango wa afya wa wilaya unaandikwa kana kwamba haipo.

Swali ninaloulizwa sana na wazazi ni hili: mbona mtoto kachanjwa nimonia? Kweli, kuanzia wiki ya 6 tunampa pentavalenti, yaani chanjo moja ya magonjwa matano, na chanjo ya nimokoko, bakteria wa nimonia, na zimeokoa watoto wengi sana. Ila kwa upande wa nimonia, zote mbili ni kinga dhidi ya bakteria. Influenza ni virusi, haziigusi. Tena virusi hivyo huharibu utando wa njia ya hewa na kuwafungulia mlango bakteria wale wale wa nimonia. Na chanjo ya influenza yenyewe haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Kwa hiyo katika miezi ile ambayo mapafu yake ni machanga kuliko wakati wowote, kinga pekee ya chanjo anayoweza kuipata ni ile inayopita kwenye kondo la nyuma, kutoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito.

Jambo hili limepimwa, tena katika nchi zenye hali inayofanana na yetu. Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa watoto wa mama waliochanjwa walipata influenza iliyothibitishwa maabara kwa asilimia 63 pungufu katika miezi 6 ya mwanzo. Soweto, Afrika Kusini, matokeo ya mwaka 2014 yalionesha kuwa chanjo ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto. Mama wanaoishi na VVU nao walikingwa. Uchambuzi uliofuata ukaonesha kuwa kinga ya mtoto ina nguvu zaidi katika wiki 8 za mwanzo, kisha inapungua. Wiki hizo ndizo ambazo sisi wakunga tunazihofia.

Nisimsahau mama mwenyewe. Mimba humpunguzia nafasi ya mapafu na kubadilisha kinga ya mwili, na wakati wa mlipuko wa H1N1, aina mojawapo ya influenza, wa mwaka 2009 wajawazito walilazwa na kufariki zaidi kuliko wanawake wa rika lao wasio na mimba. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zinazofikiria kuanzisha chanjo hii ziwape wajawazito kipaumbele cha kwanza. Hapa Tanzania haimo kwenye ratiba ya chanjo ya Taifa. Mwenye uwezo huitafuta kwenye hospitali binafsi mjini na kulipa mfukoni. Mama wa kijijini hata hajui kuwa ipo.

Najua hoja za gharama. Watasema chanjo ya kurudia kila mwaka itatushinda. Ni kweli virusi hubadilika, na wataalamu hupitia upya muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Lakini mwanamke habebi mimba kila mwaka. Ataihitaji anapokuwa mjamzito, na wakati huo tayari yuko mbele yetu kwenye benchi, na kadi yake mkononi, akisubiri sindano ya pepopunda, vidonge vya madini chuma na dawa ya kukinga malaria. Jokofu letu linatunza chanjo kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na chanjo hii inahitaji ubaridi huo huo. Kazi ngumu naiona kwenye kupanga wakati: ukanda wetu wa ikweta hauna msimu mmoja wa influenza kama Ulaya, kwa hiyo lazima tuamue ni muundo upi tuagize na lini. Hilo liamuliwe kwa takwimu za hospitali zetu wenyewe.

Chanjo hii haizuii kila mafua, na kuna miaka haiwiani vizuri na virusi vinavyozunguka. Mama aambiwe hivyo waziwazi. Aambiwe pia kwamba ile ya sindano haina virusi hai, hivyo haiwezi kumwambukiza influenza, na kwamba mkono kuuma au homa ndogo ya siku moja au mbili ni kawaida. Tukimficha lolote, uvumi wa mtaani utamfikia kabla yetu.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni kuanza na mikoa michache, kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki pamoja na sisi wahudumu tunaowapokea, kwa sababu mhudumu mwenye mafua anaweza kuyapeleka wodi ya wazazi. Na hospitali za rufaa za mikoa hiyo zipewe vipimo, ili vichanga wanaolazwa kwa nimonia wapimwe influenza na majibu yao yaandikwe.

Mkunga,
Tanga