Klabu za roboti: mkuu wa shule aonyeshwe kazi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanafunzi na walimu wa sayansi wa hapa Mwanza wanaotamani kuanzisha klabu za roboti. Mkuu wa shule anayesita si adui wa sayansi. Yeye ndiye anayeulizwa na bodi na afisa elimu pindi matokeo ya kidato cha pili na cha nne yanaposhuka, na tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali mwaka 2016 hawezi kuwachangisha wazazi kila linapozuka jambo jipya. Barua inayoanza kwa kuomba kompyuta kumi na nauli ya mashindano Dar es Salaam inamlazimisha kukataa.

Nashauri aonyeshwe kwanza kifaa kimoja kinachofanya kazi, tena kinachotatua tatizo la shule yake. Kibao cha Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kujifunzia inayoandikiwa programu na kutumia volti 5, kikiunganishwa na kihisi kinachotuma mawimbi ya sauti na kupima muda wa mwangwi wake, kinaweza kupiga kengele kabla tangi la maji halijafurika. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Mwanafunzi akizidisha kasi hiyo kwa nusu ya muda uliopimwa, anapata umbali kutoka kwenye kihisi hadi usoni mwa maji. Hilo ni somo la fizikia lenyewe, na mwalimu wa taaluma hatakuwa na sababu ya kusema klabu inakula muda wa masomo.

Ombi lenyewe litoshe ukurasa mmoja: siku moja kwa juma baada ya vipindi, mwalimu mlezi aliyekwisha kukubali, kabati lenye kufuli na daftari la kusajili vifaa. Wapo wanaotaka kuahidi kwamba mwenye alama za chini ataondolewa klabuni. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa huenda huyo ndiye anayehitaji zaidi kuelewa umeme kwa mikono yake. Wasichana nao washike bisibisi na kuandika programu, wasiachiwe kuandika kumbukumbu za vikao tu.

Kwa wakuu wa shule, nawaomba kwa heshima watoe muhula mmoja wa majaribio, kisha waialike bodi ikague kilichotengenezwa, iwasikilize wanafunzi wakikieleza, ndipo uamuzi utolewe.

Mzazi,
Ilemela, Mwanza