Barua ya wazi kwa vijana wetu walioingia kwaya ya Kigaeli Glasgow

Wanangu, marahaba kwa salamu zenu.

Nimesikia mmejiunga na kwaya ya Kigaeli, ile lugha ya kale ya huku Uskoti, nimefurahi mno. Nami niliimba besi kwenye kwaya ya namna hiyo hapa hapa mjini, mpaka magoti yalipokataa kusimama. Nawaomba jambo moja: msiyaruke maneno mkikimbilia sauti.

Najua kitakachowapoteza. Karatasi mtakazopewa zina noti za solfa, zilezile tulizofundishwa kwenye kwaya za kanisa nyumbani, kwa hiyo mtazisoma upesi na watu watawasifu. Mimi niliishika sauti yangu jioni ya kwanza nikadhani nimemaliza. Bibi mmoja wa kisiwa cha Lewis, aliyeketi mbele yangu, akageuka akaniuliza, "Unamlilia nani?" Sikuwa na jibu. Ulikuwa wimbo wa mke aliyefiwa na mumewe baharini, nami nauimba huku natabasamu.

Bibi yule alikuwa na haki ya kuuliza. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 haikukipa Kigaeli nafasi yoyote, na watoto waliofika shuleni na lugha ya mama zao waliambiwa waiache mlangoni. Mwaka 1891 wasemaji walikuwa zaidi ya 250,000. Sensa ya 2022 ilikuta takriban 69,700. Watu wa visiwani waliokuja Glasgow kutafuta kazi walikuwa wakikutana chini ya daraja la reli pale Argyle Street, wajikinge mvua na kupashana habari za kwao. Mpaka leo daraja lile linaitwa mwavuli wao. Watu hao ndio walioanzisha kwaya za mji huu, na kwaya moja iliyoanzishwa mwaka 1907 ingali inaimba.

Mtakwenda pia kwenye Mòd, mashindano ya nyimbo za Kigaeli yaliyoanzia mji wa Oban mwaka 1892. Huko mwamuzi wa muziki ana maksi zake na mwamuzi wa Kigaeli ana zake, hivyo sauti tamu peke yake haiwafikishi mbali. Lakini nyinyi mna mtaji ambao Waingereza wengi hawana. Neno *dhachaigh*, yaani kurudi nyumbani, huanza na gh ya "ghali", na katikati lina kh ya "Sheikh". Wenzenu watahangaika nalo wiki nzima. Nyinyi mmezaliwa nalo kooni. Wasaidieni, bila kujigamba.

Na mazoezi yakiisha, msikimbilie basi. Chai ile na biskuti ndipo lugha inapozungumzwa, ndipo utamjua nani ni wa kisiwa cha Islay, nani wa kisiwa cha Skye, na wimbo upi ulikuwa wa bibi yake. Mimi mengi niliyajulia pale, na kikombe mkononi.

Jumanne ijayo, kabla hamjafungua karatasi, muulizeni aliyeketi karibu nanyi wimbo unamhusu nani.

Ni mimi, babu yenu.