Neno "KIOO" halizuii chupa ya asali kuvunjika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu asali inayotumwa kwa basi kutoka Tabora na Singida kwenda Dar es Salaam, ikafika boksi limelowa. Lawama zote huangukia kwa konda. Mara nyingi chupa hizo zilishaharibikiwa mezani kwa mtumaji.

Ukifungua boksi lililolowa, usikimbilie kutupa vigae. Kitako kikimeguka, boksi lilidondoka likatua wima, na asali yenyewe, ambayo ni nzito, ikakipiga kitako kwa ndani. Ufa ukianzia begani au ubavuni, chupa iligongwa na jirani yake. Kioo kikiwa kizima ila kifuniko kimejiinua na shingoni kuna povu, hapo konda hahusiki kabisa: asali imechacha. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha kirahisi, na ya nyuki wadogo ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Hiyo haina dawa kwenye boksi, hata ukiifunga kwa godoro.

Kuhusu vigae vya begani, ambavyo ndivyo vingi, chanzo ni vioo kugusana. Safari kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na kila tuta ni kipigo. Isitoshe, wengi wetu tunajaza asali kwenye chupa za pombe kali zilizokwisha tumika. Inua chupa kwenye mwanga. Ukiona mkanda wa ukungu mweupe umezunguka bega au sehemu ya juu kidogo ya kitako, hapo ndipo iliposuguana na nyingine. Pitisha ukucha, ukikwaruza, chupa hiyo iuze hapohapo dukani, isipande basi. Kioo huanza kupasuka penye mkwaruzo, hata mdogo usioonekana vizuri.

Chupa isiyo na mkwaruzo izungushie kipande cha boksi lenye mawimbi mara mbili, kizidi sentimita 3 chini ya kitako na 3 juu ya kifuniko, kisha kaza kwa selotepu. Kila moja iingie kwenye nailoni yake na kufungwa, ili ikipasuka isiharibu zilizobaki. Usiijaze mpaka mdomoni. Acha kama sentimita 2, maana buti la basi mchana ni tanuri na asali hutanuka. Boksini ziwe wima, chini kuwe na sentimita 5 za kujazia, pembeni 5, juu 5, na ukuta wa boksi kati ya chupa na chupa.

Cha kujazia kinadanganya wengi. Pumba za mpunga zikimwagwa tu, mtikisiko huzishindilia na chupa huzama taratibu mpaka ikalia sakafu ya boksi. Zitie kwanza kwenye mifuko midogo ya karatasi, uifunge na kuibana. Magazeti, hili likiwemo likishasomwa, yanafaa yakifinyangwa ukubwa wa ngumi, lakini hunywea njiani. Jaza mpaka mfuniko wa boksi ukatae kufunga bila kuusukuma kwa kiganja. Tikisa. Ukisikia chochote kinacheza ndani, fungua uanze upya.

Usizidishe chupa sita za lita moja. Lita ya asali ina takriban kilo 1.4, hivyo chupa kumi na mbili pamoja na kioo chake hupita kilo 20, na boksi la uzito huo halishushwi, hutupwa. Boksi lenyewe liwe kavu na pembe zake ngumu. Lililowahi kulowa limepoteza nguvu hata likikauka.

Anayetaka uhakika ajaze maji kwenye chupa sita, afunge kama kawaida, kisha alidondoshe boksi kutoka sentimita 76, kimo cha meza, mara 10: mara moja kwa pembe, mara tatu kwa kingo zinazokutana kwenye pembe hiyo, na mara sita kwa nyuso zote. Ndivyo wapimaji wa vifungashio wanavyofanya kwa mizigo isiyofika kilo 10. Maji ni mepesi kuliko asali, kwa hiyo usipunguze kimo hata kidogo.

Ofisi za mizigo nazo zina lao. Neno "KIOO" lililoandikwa kwenye boksi halisomeki usiku ndani ya buti, tena likiwa chini ya gunia la vitunguu. Mabasi yatenge kona moja ya buti kwa mizigo ya vioo, isiwekewe kitu juu. Na mpokeaji aruhusiwe kufungua boksi mbele ya karani kabla ya kusaini, apige picha za vigae vikiwa mahali pake, kwani vikishachanganywa hakuna anayeweza kujua kilianza kitako au bega.

Mfungashaji wa asali,
Tabora