Mchujo wa wajumbe: tusichukue nusu ya mtindo wa Ghana

Mhariri,

Uchaguzi mkuu wa 2027 unavyokaribia, hapa Mombasa wito ni uleule: tuachane na mchujo wa wanachama wote, wajumbe wateue mgombea kama wafanyavyo Ghana. Chama kinachotolewa mfano aghalabu ni New Patriotic Party, NPP, cha mrengo wa kulia wa kati, chenye alama ya tembo. Sheria yetu ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 inaruhusu njia zote mbili, kwa hiyo wazo lenyewe si kosa. Tatizo ni kuwa wanaolisifu hutaja sehemu yake nyepesi tu. (Waswahili wana methali kuhusu anayemwiga tembo. Kwa heshima ya wasomaji siimalizii.)

La kwanza kujiuliza ni hili: mjumbe ni nani, na nani kampa ujumbe? Desemba 2007 NPP ilimteua mgombea urais kwa kura za wajumbe wapatao 2,300 waliokusanyika Legon, kwenye Chuo Kikuu cha Ghana jijini Accra. Walioomba walikuwa 17. Nana Akufo-Addo aliongoza bila kufikisha nusu ya kura, na Alan Kyerematen aliyemfuata akamwachia. Watu 2,300 mwenye fedha anaweza kuwalipia nauli, malazi na bahasha hadi wa mwisho. Mwaka 2008 chama kikashindwa duru ya pili ya urais kwa kura 40,586, na 2009 kikabadili katiba yake ili wajumbe wapite 100,000.

Idadi hiyo haikuokotwa barabarani. NPP ina maafisa watano katika kila kituo cha kupigia kura: mwenyekiti, katibu, mratibu, mratibu wa vijana na mratibu wa kina mama. Wanachaguliwa kituoni, na ndio wajumbe walio wengi. Juu yao wamo viongozi wa maeneobunge, mikoa na taifa. Kufikia 2023 waliostahili kupiga kura walizidi 200,000. Sheria ya Ghana nayo inakitaka chama kiwe na ofisi katika kila mkoa, na katika theluthi mbili ya wilaya za mkoa huo. Yote hayo bila ruzuku ya serikali, maana Ghana haina mfuko wa umma wa vyama kama tulio nao sisi. Basi chama chetu kisituambie hakina pesa za kuchapisha daftari la wanachama.

Utaratibu wenyewe mwaka 2023 ulikuwa na ngazi mbili. Wanaowania urais walipozidi watano, baraza dogo la vigogo, wakiwemo wabunge na viongozi wa kitaifa na wa mikoa, liliwachuja wabaki watano. Agosti 26, 2023 walikuwa kumi. Mahamudu Bawumia alipata kura 629, Kennedy Agyapong 132, Kyerematen 95 na Owusu Afriyie Akoto 36. Nafasi ya tano wawili walitoshana kwa kura 9 kila mmoja, ikapangwa irudiwe, kisha mmoja akajitoa. Novemba 4 wajumbe wote wakapiga kura mashinani, kwa siri, chini ya Tume ya Uchaguzi ya Ghana. Bawumia akapata 118,210 na Agyapong 71,996. Muislamu kutoka kaskazini akabeba bendera ya chama ambacho kwa miaka mingi kiliambiwa ni cha Waakan, kabila kubwa la kusini, jambo ambalo sisi wa Pwani hatuwezi kulipita bila kulitazama.

Sasa niseme yanayoharibika, kwa sababu huku hayasimuliwi. Vita huanzia kwenye fomu za kugombea uafisa wa kituo. Chaguzi za vituo za 2022 ziliandamwa na malalamiko kuwa fomu zimefichwa na kugawiwa wafuasi wa mbunge aliyeko. Anayeshika fomu ameshashika wajumbe, na siku ya mchujo ni kuhesabu tu. Kisha albamu ya wajumbe, yenye majina na picha: jina likibadilishwa ofisini usiku, mjumbe halali hurudishwa mlangoni. Ngazi ile ya vigogo nayo iliegemea aliye madarakani. Kyerematen alijitoa akilalamikia vitisho, akakihama chama mwezi huohuo wa Septemba.

Na hongo haikufa. Ilipanda bei, kwa kuwa wa kuhongwa wameongezeka, ingawa kwa mtazamo wangu hilo ni afadhali kuliko 2,300.

Madhara hayaishii kwenye mchujo. Mwaka 2020 mbunge wa NPP wa eneobunge la Fomena aligombea kama mgombea huru. Chama kikamfukuza, akashinda. Bunge likagawanyika 137 kwa 137 kati ya NPP na mpinzani wake NDC, naye akiwa katikati, na chama kilichomtimua kikalazimika kumbembeleza. Mwaka 2024 Bawumia, aliyepewa asilimia 61 na wajumbe, aliambulia takriban 41 kwa wananchi, dhidi ya 56 za John Mahama wa NDC. Alikubali kushindwa siku ya pili yake, kabla hata ya tume kutangaza, na hilo ndilo ningependa tuliige bila masharti.

Tupige hesabu ya kwetu. Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 mwaka 2022, na sheria inataka kituo kisizidi wapiga kura 700. Kwa hiyo vituo havipungui 900, na maafisa watano kila kimoja ni wajumbe zaidi ya 4,500 kwa kaunti nzima. Chama kikija na wajumbe 300 waliokusanywa kwa simu katika ukumbi wa hoteli, hicho si kitu cha Ghana. Hiyo ni Legon ya 2007, ambayo wenyewe waliikimbia.

Maafisa wa vituo wachaguliwe mwaka mmoja kabla ya mchujo, si wiki mbili. Orodha ya wanachama ibandikwe kwenye ukuta wa kituo siku 14, aliyeachwa apate kulalamika. Fomu zipewe namba na zitolewe na mtu asiyegombea wala asiye jamaa wa mgombea. Chama kiiombe tume yetu ya uchaguzi, IEBC, isimamie, jambo ambalo sheria inaruhusu. Simu zibaki nje ya chumba cha kura, kwa kuwa picha ya karatasi ndiyo risiti ya mlungula. Na nakala ya daftari, iliyotiwa saini na mawakala wote, iwekwe kando mapema. Mzozo ukifika kwenye Jopo la Mizozo ya Vyama, hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Kwa hiyo chama kinachotaka wajumbe kitutangulizie orodha zake za Tudor, Kongowea na Mtongwe, jina kwa jina, kituo kwa kituo. Tukishazisoma ndipo tujadiliane kuhusu Ghana.

Msomaji wenu,
Mombasa