Riba imeshuka, bei za vyuma hazina habari

Mhariri,

Mimi hutengeneza mageti na madirisha ya chuma hapa Thika. Mapema 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipopandisha riba yake hadi asilimia 13, benki yangu haikukawia kunipandishia marejesho ya mkopo wa mashine. Agosti mwaka huo Benki Kuu ilianza kuipunguza. Barua ya kunishushia niliingojea hadi nikachoka. Kupanda ni kwa lifti, kushuka ni kwa ngazi!

Linalosahaulika ni matarajio, yaani watu wanadhani bei zitaelekea wapi. Dola ilipofika karibu shilingi 160, muuzaji wangu wa vyuma aliandika chini ya kila karatasi ya bei: “Siku mbili tu.” Alihofia akiuza leo hatamudu mzigo wa kesho. Nami nikawapangia wateja bei kwa hofu hiyo hiyo. Dola ikashuka hadi karibu 130, maandishi yale yakabaki palepale.

Kamati ya Sera ya Fedha, ile ya Benki Kuu inayopanga riba, itueleze sisi wa jua kali, kwa Kiswahili na redioni, inaona bei zinaelekea wapi. Nazo benki zitutajie tarehe ya kushusha riba, kama zinavyotutajia ya kupandisha.

Fundi wa vyuma,
Thika