Mtepe haukushonwa na mafundi peke yao

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mitepe ya Lamu, vile vyombo vya baharini vya kushonwa kwa kamba, ilinifurahisha, ila mmewasahau walioitengeneza kamba. Babu wa baba yangu alikuwa mshonaji wa mitepe huko Faza, kisiwani Pate, katika karne ya 19. Mbao hazikupigwa misumari. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Na kamba hiyo ilitoka mikononi mwa mkewe.

Marehemu bibi yangu aliyaona hayo akiwa mtoto. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye tope la ufuoni, yakawekewa mawe juu yasichukuliwe na maji, yakaachwa miezi yaoze. Siku ya kufukuliwa, harufu yake iliwafukuza hata paka! Wanawake waliyaponda kwa rungu, wakachambua usumba, wakausokota mapajani. Bibi alisema paja la kulia la mkwewe, mke wa yule mshonaji, lilikuwa gumu kama unyayo.

Mtepe ulipakia boriti za mikoko kwenda Unguja, tanga lake likiwa mkeka. Chombo cha kushonwa huvuja, kwa hiyo kijana mmoja kazi yake njiani ilikuwa kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, usiku na mchana. Babu huyo mshonaji aliianza hivyo bahari, kabla hajapewa kekee ya kutobolea mbao.

Mkiandika tena, nendeni kwa wazee wa kike kwanza. Wengine bado wanajua kusokota, na hakuna aliyewauliza.

Kitukuu wa msokota kamba,
Faza, Lamu