Mmewatisha watoto wa kaka yangu bure

Mhariri,

Makala yenu kuhusu utafiti wa jeni, mliyoandika kwamba mabadiliko yake “yanatabiri” mshtuko wa moyo, iliniletea simu ya usiku. Aliyepiga ni wifi yangu, ambaye mumewe, kaka yangu, aliwahi kupatwa na mshtuko huo. “Wifi, kwa hiyo wanangu nao wameshaandikiwa?” Mimi ni fundi wa maabara mstaafu, nikamwambia hapana. Jibu hilo lilipaswa kuwa ndani ya makala.

Utafiti mliouandika hauhusu jeni ambazo mtu anarithi. Unahusu seli zilizotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu, tabaka moja tu. Karibu kila seli mwilini ina jeni zilezile; tofauti ni zipi zinafanya kazi na zipi zimetulia, na hilo hubadilika hata ndani ya saa chache. Seli hizo zikiwa na afya hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayolegeza mshipa. Zikichokozwa na moshi wa sigara, sukari nyingi au shinikizo la damu, huipunguza kazi hiyo na kuamsha jeni zinazonasa chembe nyeupe za damu ukutani.

Mwaka 2012 watafiti wa taasisi ya Scripps, California, Marekani, waliripoti kwamba wagonjwa wa mshtuko wa moyo walikuwa na seli hizi zikielea kwenye damu zaidi ya mara nne ya watu wenye afya, nyingine kubwa kupita kawaida, zenye viini zaidi ya kimoja. Baadaye zikasomwa jeni zake. Kazi hiyo naiheshimu, kwa sababu vipimo tulivyonavyo huchelewa kuonya. Troponini, protini tunayopima sasa kwenye damu, hutoka kwenye msuli wa moyo ambao umeshaumia. Kaka, kabla ya mshtuko wake, alipimwa kwa kutembeshwa kwenye mashine, akaambiwa yuko sawa. Kipimo hicho huonyesha mshipa uliobana sana, wakati utando wa mafuta ndani ya mshipa, usiobana kiasi hicho, unaweza kupasuka ghafla na damu ikaganda juu yake.

Lakini damu ya wagonjwa wale ilitolewa wakiwa tayari wamefikishwa hospitali. Mabadiliko yaliyoonekana huenda yametokana na mshtuko wenyewe, au na dawa. Ninyi mkaandika kwamba “yanatabiri”! Hata sindano ya kutolea damu hubandua seli za mshipa, ndiyo maana anayezihesabu huweka kando chupa ya kwanza. Vitu vidogo hivi ndivyo vinavyoharibu majibu.

Mkiandika tena, tuambieni damu ilitolewa lini, kabla ya mshtuko au baada, na wagonjwa walilinganishwa na nani. Na urithi wa kweli upo: kuna familia ambazo kolesteroli hupanda mno tangu utotoni. Huo unapimwa kwa damu ya kawaida na una dawa. Wifi nimemwambia awapeleke watoto wakapime hiyo.

Fundi wa maabara mstaafu